Theluji Isizibe Nyumba Yako

[Muziki unaingia, kisha unashuka]

Leo tunazungumza na familia zinazosubiri safari ya Kanada au Marekani, na pia wazazi ambao watoto wao wameshafika huko.

Juzi mama mmoja alinisimamisha sokoni. Mwanawe anaishi Winnipeg, Kanada, ambako baridi ya Januari inaweza kufika nyuzi 30 chini ya sifuri. Kijana alimpigia simu usiku. Theluji imeanguka siku nzima, mashine ya kupasha nyumba joto imezimika, watoto wanatetemeka. Akauliza, "Mama, nina mkaa wa kuchomea nyama. Niuwashe ndani?"

Mama akamjibu, "Usiwashe, mwanangu! Wavalishe watoto makoti, umpigie mwenye nyumba." Mwenye nyumba alipokuja alikuta bomba la kutolea moshi, lililo kwenye ukuta wa nje, limefukiwa na theluji. Waliifukua, mashine ikawaka tena.

Mama yule hajawahi kuona theluji, lakini mbabula anaijua. Mkaa ukiwaka ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Mashine ya joto inayotumia gesi au mafuta nayo inaweza kuijaza nyumba gesi hiyo, bomba lake likiziba.

Basi, ukifika huko, kumbuka kuacha wazi njia tatu.

Ya kwanza ni njia ya moshi. Muulize mwenye nyumba bomba hilo liko wapi, na kila theluji ikianguka, liangalie. Hakikisha kengele ya kutambua gesi ipo na inafanya kazi. Ikilia, au watu wakianza kuumwa kichwa na kutapika, tokeni nje wote, kisha piga 911. Namba hiyo ni ya Kanada na Marekani.

Ya pili ni njia ya maji. Maji yakiganda hutanuka, na bomba hupasuka. Usizime joto la nyumba unapokwenda kazini ili kupunguza bili. Usiku wa baridi kali, acha koki idondoshe maji kidogo kidogo, na fungua kabati lililo chini ya sinki ili joto liingie. Jua pia koki kuu ilipo, ili bomba likipasuka uifunge haraka. Bomba lililoganda usiliyeyushe kwa moto.

Ya tatu ni njia ya miguu. Ondoa theluji mlangoni na kwenye ngazi mapema kwa beleshi, kabla haijakanyagwa ikawa barafu. Kisha mwaga chumvi ya kuyeyusha barafu, au mchanga ili miguu isiteleze. Milango yote ya kutokea ifunguke, maana moto ukizuka hamtapata muda wa kufukua.

Ukiona barafu ndefu zinaning'inia kwenye ukingo wa paa, usiwaache watoto wacheze chini yake. Dari likianza kuvuja, mwambie mwenye nyumba. Usipande juu ya paa.

Wengine huogopa kumsumbua mwenye nyumba kwa kuwa ni wageni. Ndugu yangu, kumpigia simu wakati wa hatari si utovu wa adabu. Ni haki ya familia yako.

Nawe ambaye huna safari, usiseme hayakuhusu. Leo jioni ukiongea na ndugu yako aliye huko, muulize bomba lake la moshi liko wapi. Na hapa kambini, mvua ikinyesha, mbabula ibaki nje. Tahadhari kabla ya hatari.



[Muziki unapanda]