Usiku wa Kiwanda na Afya ya Moyo: Mada Iliyosomwa Semina ya Chebunyo



Nimesimama mbele yenu hapa Chebunyo, katika nchi hii ya Chepalungu ambayo ni nchi ya mifugo na mahindi kuliko ya chai, lakini ambayo kwa miaka mingi imewatoa vijana wake kupanda kwenda Mogogosiek, Litein na Kericho, wakaichume chai ya wengine, waipakie, wailinde na waitengeneze. Na kwa kuwa wengi katika hao hupata riziki yao gizani, wakati sisi tumelala, nimeona niseme juu ya jambo ambalo aghalabu hatulihesabu katika maradhi, nalo ni kukesha kazini na madhara yake katika moyo wa mwanadamu.

Chai yenyewe ndiyo iliyotuletea usiku huu. Jani huchumwa mchana, likapimwa uzito kituoni alasiri, likapakiwa lori, likafika kiwandani magharibi. Huko hutandazwa penye feni kubwa likanyauka kwa saa kumi na mbili au zaidi, kisha likakatwa, likaachwa ligeuke rangi, likakaushwa, likapangwa madaraja na kutiwa magunia. Jani lililokwisha kuchumwa halina subira, likilala huharibika, na kwa hiyo mashine hazizimwi jua linapozama. Ndivyo ilivyokuwa tangu makampuni ya kigeni yalipofungua mashamba makubwa ya Kericho katika miaka ya 1920, na ndivyo ilivyoendelea baada ya mwaka 1964, lilipoundwa shirika la chai la wakulima wadogo, na viwanda vikazidi kuenea karibu na mashamba yao. Kikombe cha asubuhi, popote kinywewapo, nyuma yake yuko mtu aliyekesha.

Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Alilisha kuni boila ya kiwanda ambacho sitakitaja jina, miaka ishirini na miwili, wiki moja mchana, wiki ya pili usiku. Nilipokuwa mtoto nilimwona akirudi asubuhi macho mekundu, akinywa chai ya maziwa na kujilaza chini ya bati lililokuwa likichemka kwa jua. Na haukupita muda mrefu ila aliamshwa, mara ng'ombe ameingia shamba la mtu, mara kuna kikao cha matanga, mara mgeni amefika na si adabu mwenye nyumba asionekane. Majirani walimwita mtu wa usingizi, na sisi watoto wake tuliona haya kwa ajili yake. Alipofika umri wa miaka arobaini na tisa alianguka alfajiri moja akiwa njiani kurudi nyumbani, upande wake wa kulia ukafa ganzi, na ulimi ukawa mzito mpaka siku alipotutoka. Hospitalini waliuliza presha yake ya zamani ilikuwa ngapi, na hapakuwa na wa kujibu, kwa sababu hakuwahi kupimwa hata mara moja. Sisemi kwamba zamu peke yake ndiyo iliyomwangusha, maana alipenda chumvi, na tumbaku alivuta. Nasema kwamba hatukuihesabu kabisa.

Sasa tutazame mwili unavyofanya kazi. Katika ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya fahamu ya macho mawili inapopishana, imo saa ndogo iliyotegwa na Mwenyezi Mungu, na saa hiyo hupokea habari ya nuru na giza, ikauamrisha mwili wote lini uchangamke na lini upumzike. Wataalamu watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyoendeshwa, nao waliijua kwa kuwachunguza vijinzi vya matunda, viumbe ambavyo mtu huvipunga kwa mkono bila ya kuvifikiria. Ikiwa nzi ana saa, sembuse mwanadamu. Kwa amri ya saa hiyo, na kwa utulivu wa usingizi wenyewe, presha ya damu ya mtu mwenye siha hushuka usiku kwa asilimia 10 hadi 20, na hapo ndipo moyo, ambao haupati likizo tangu tumboni mwa mama hadi kaburini, unapopata afueni yake pekee. Anayekesha huunyima moyo wake afueni hiyo. Na arudipo asubuhi kulala, saa ya ndani imekwisha kuuambia mwili uamke, jua liko dirishani, watoto wako uani, hata usingizi wake ukapungua kwa saa moja, mbili, pengine nne, kuliko ule ambao angeupata usiku. Naye akilala hivyo siku baada ya siku, presha hukataa kushuka, sukari hupanda katika damu, matumbo hutamani vyakula vizito, na mishipa ya damu hukakamaa kidogo kidogo bila ya maumivu yoyote ya kumwonya.

Ushahidi wa mambo haya haukuanza jana. Mwaka 1986 Anders Knutsson na wenzake wa Uswidi walichapisha habari za wafanyakazi 504 wa kiwanda cha karatasi, watu wa mashine na joto kama hawa wetu wa chai, waliofuatwa kwa miaka kumi na mitano. Waliofanya kazi za zamu kati ya miaka 11 na 15 hatari yao ya kupata maradhi ya mishipa ya moyo ilizidi mara mbili ya wale wa mchana, na waliofika miaka 16 hadi 20 ilikaribia mara tatu. Lakini lililonigusa zaidi ni la mwisho: kwa waliopita miaka 20 hatari ilionekana kushuka tena. Je, zamu iligeuka dawa? Hasha. Yaelekea walioumia walikuwa wamekwisha kuiacha kazi, wakabaki wenye miili migumu. Basi tukimwona mlinzi mzee anayejisifu kwamba amekesha miaka thelathini na hajaumwa kichwa, tumheshimu, lakini tuwakumbuke pia wale walioanza naye ambao hawapo kibarazani kutusimulia. Na mwaka 2016 kukatoka utafiti mwingine wa wauguzi wa Marekani wapatao 189,000, waliofuatwa kwa miaka 24, ambao ulionyesha kwamba waliokuwa wakibadilishana zamu za usiku kwa miaka mitano au zaidi walizidi wenzao katika maradhi ya moyo. Ziada yenyewe haikuwa ya kutisha kwa mtu mmoja mmoja; lakini ukiizidisha kwa viwanda vyote kutoka Kericho hadi Sotik, kwa walinzi, kwa wauguzi, kwa madereva wa malori ya usiku, utaona kwamba ni watu, na ni nyumba za watu.

Sisi watu wa Bomet neno "ugonjwa wa moyo" tunalijua vizuri, kwa kuwa tunayo Tenwek, hospitali iliyoanza mwaka 1937, na tumeona watoto wakifunguliwa vifua huko na kutengenezwa vali zilizoharibiwa na homa iliyoanzia kooni. Kwa hivyo tumezoea kudhani kwamba moyo ni maradhi ya watoto, na kwamba mwenye nao hujulikana kwa kuhema na kuvimba miguu. Huu wa presha na mishipa una tabia nyingine, hukaa kimya. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu robo ya watu wazima wa Kenya wana presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu hawajawahi kupimwa maishani mwao.

Hata sheria haikumtazama mtu wa usiku kwa jicho la huruma. Amri ya Jumla ya mishahara ya Kenya imeweka wiki ya kazi ya kawaida kuwa saa 52 katika siku sita, lakini kwa afanyaye kazi usiku inaruhusu saa 60. Yule ambaye mwili wake unaelemewa zaidi ndiye aliyeongezewa mzigo, na mimi naona huo ni udhalimu unaopasa kuondolewa. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1990, namba 171, unampa mfanyakazi wa usiku haki ya kupimwa afya bila malipo, kabla ya kuanza kazi hiyo na mara kwa mara baadaye. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wakurugenzi wa viwanda vyetu, ambao wakulima wa vilima vya chai ndio wanaowachagua, wanaweza kuitimiza haki hiyo bila ya kungoja amri ya Nairobi.

Ya nyumbani hayahitaji fedha nyingi. Mtu wa zamu na ale chakula chake kikamilifu kabla ya kutoka, na usiku asishindilie ugali na nyama. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti ambao watu 20 walikesheshwa katika maabara, na kwa wale waliokula mchana tu dalili za hatari ya moyo hazikuzidi kama kwa wale waliokula usiku pia. Chai ni rafiki wa mkeshaji, lakini nguvu yake hukaa mwilini saa nyingi, kwa hiyo aishie kuinywa saa sita ya usiku ikiwa anataka kulala saa mbili ya asubuhi, na sukari aipunguze. Chumba chake kitiwe pazia zito. Na ninyi akina mama, na ninyi wazee mnaoitisha vikao, mlango wa mtu huyu na uheshimiwe mpaka saa nane ya mchana kama tunavyouheshimu mlango wa mgonjwa. Asiitwe mvivu, wala watoto wake wasifundishwe kumwonea haya.

Nimekuja na kipimo cha presha, kipo juu ya meza ile karibu na mlango, na kupimwa ni dakika chache. Ikifika 140 kwa juu au 90 kwa chini, tutaandika jina lako na kukuelekeza zahanati ipi uende na siku gani. Ndugu mnaoshika zamu jioni ya leo, nawasihi mtangulie kupimwa, kabla gari halijaja kuwachukua.