Mali Bila Daftari



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi, mali na utawala. Kwa kuwa wengi wetu tumetoka Kongo, nitatoa mifano ya kwetu.

Tunasema daima kwamba mali yetu iliibwa. Ni kweli, lakini wizi ule ulianza na sheria. Mwaka 1885 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alitoa amri kwamba ardhi yote isiyokaliwa ni ya dola lake. Mapori ambamo wazee wetu waliwinda na kuhamisha mashamba yao yakahesabiwa hayana mwenyewe. Kisha watu wakadaiwa kodi ya mpira. Kijiji kisichotimiza kiasi kilishikiwa wanawake wake mateka, na askari wakatumwa.

Siri hii ilifichuliwaje? Karani mmoja wa kampuni ya meli, E. D. Morel, alisoma hesabu za bandari ya Antwerp. Mpira na pembe za ndovu zilishushwa kwa wingi, lakini meli zilizorudi Kongo zilibeba bunduki na risasi, na bidhaa chache mno za kubadilishana. Akatambua kwamba wanaogema mpira hawalipwi. Leopold alipolazimika kuikabidhi nchi kwa Ubelgiji mwaka 1908, nyaraka za dola lake zilichomwa moto. Aliyatambua maana ya daftari.

Je, akiondoka mgeni mambo hunyooka yenyewe? Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatakuwa ya wananchi. Neno lilikuwa tamu. Lakini mengi yaliangukia mikononi mwa wakubwa na jamaa zao. Wengine waliuza bidhaa walizozikuta, hawakununua nyingine, maduka yakabaki matupu. Mwaka 1976 serikali ilikuwa inawarudishia wenyewe wa zamani. Mwenye mali alibadilika. Desturi ya kutotoa hesabu ilibaki.

Mtaniuliza: sisi hapa kambini tuna mali gani? Tunayo. Kuna posho, kazi za motisha, mashine ya kusaga, meza za sokoni na mfuko wa Kamati. Kijana aliyemaliza shule akikuta nafasi ya ukarani imejazwa kabla ya tangazo kubandikwa, siku hiyo amefundishwa utawala. Somo hilo atarudi nalo nyumbani, na mimi darasani sitaweza kulifuta.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, kila nafasi ya kazi ibandikwe ubaoni siku saba kabla, na majina ya waliochaguliwa yasomwe hadharani. Pili, hesabu za mashine na za mfuko zisomwe kila mwezi mbele ya watu, na mmoja wa watunza daftari awe mwanamke. Tatu, wageni wetu wa mashirika, mgao unapopunguzwa, tuandikieni kilo na sababu kwa Kiswahili kabla ya siku ya posho, ili lawama zisimwangukie mpimaji asiye na kosa.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari tunalo. Tulifungue.