Plagi na Petroli: Hotuba juu ya Utunzaji wa Injini za Eropleni za Zamani



Tumeombwa kusema habari za injini za eropleni, na huenda wengine kati yenu wauliza moyoni, Je, habari hizi zatuhusu nini sisi tusio na eropleni? Zatuhusu. Eropleni ndogo ndizo zishukazo katika viwanja vya nyasi kuleta dawa, na kumchukua mgonjwa asiyeweza kuvumilia siku mbili za njia mbovu. Tena mapipa ya petroli yake mara nyingi huwekwa kandokando ya kiwanja, chini ya ulinzi wa watu wa mahali pale. Basi sehemu moja ya kazi ya fundi imo mikononi mwenu, nasi tutaifikia.

Injini tuzisemazo ni za pistoni, ambazo huchoma petroli kwa cheche kama injini ya motokaa. Bibi Florence Kerr Wilson alipoanzisha shirika lake la eropleni Nairobi mwaka 1929, alianza na eropleni ya namna ya Gipsy Moth, yenye injini ya silinda nne. Hata leo Cessna na Piper nyingi zina injini za Lycoming au Continental ambazo michoro yake ni ya zamani sana, na kanuni ni ile ile. Kila silinda ina plagi mbili, na plagi hizo hupata umeme kwa magneto mbili zisizohitaji betri. Magneto moja ikifa, ya pili huendelea kuiendesha injini hata rubani apate mahali pa kushuka. Hii ndiyo sababu eropleni ya silinda nne ina plagi nane, na ya silinda sita ina kumi na mbili.

Adui mkubwa wa plagi hizi ni risasi. Si risasi ya bunduki, bali madini ya risasi yaliyomo katika petroli yenyewe. Petroli ya buluu iitwayo 100LL hutiwa dawa ya risasi ili isilipuke kwa ghafula ndani ya silinda na kuigongagonga injini. Jina lake lasema kwamba risasi yake ni kidogo, lakini lita moja yaweza kuwa na zaidi ya nusu gramu. Pamoja nayo hutiwa dawa nyingine ya kuifukuza risasi itoke na moshi. Dawa hiyo hufanya kazi injini ikiwa ya moto. Injini ikizunguka polepole chini kwa muda mrefu, na petroli ikiwa nyingi kuliko hewa, joto halitoshi, na risasi huganda katika ncha ya plagi kama chembe za kijivu. Chembe hizo zikiziba nafasi, umeme hupita ndani yake na cheche haitoki. Mwaka 2022 idara ya usafiri wa anga ya Marekani iliidhinisha petroli moja isiyo na risasi kwa injini za namna hii, lakini ile ya buluu ndiyo ingali ikitumika sana.

Kwa hiyo rubani mwenye adabu hapotezi wakati injini ikinguruma bure kiwanjani, na akitembea chini hupunguza petroli kwa mkono wa kuchanganyia. Kabla ya kuruka huipandisha injini hata mizunguko 1,700 au 1,800 kwa dakika, kisha huizima magneto moja, na baadaye ya pili. Mzunguko ukipungua sana, kwa injini nyingi zaidi ya 150 hivi, au tofauti ya magneto mbili ikizidi 50, haruki. (Tarakimu halisi zimo katika kitabu cha eropleni yenyewe, na kitabu ndicho cha kufuatwa.) Mara nyingi akipunguza petroli na kuiacha injini izunguke kwa nguvu dakika moja, chembe huungua na plagi hupona. Ikiwa haikupona, ni zamu ya fundi.

Fundi huzitoa plagi, kwa kawaida kila baada ya saa 100 za kuruka, na kuziweka katika kibao chenye matundu yenye namba ili ajue kila moja ilitoka silinda ipi, juu au chini. Asiyefanya hivi amejinyima barua aliyoandikiwa na injini. Ncha kavu ya rangi ya kahawia au kijivu ni habari njema. Masizi meusi makavu yasema petroli ni nyingi kuliko hewa. Weusi wenye mafuta wasema oili yapita penye pistoni, na plagi ya chini ndiyo iteswayo kwanza, maana oili huteremka. Kauri nyeupe iliyovimba au kupasuka yasema silinda ilipata joto lisilo lake, na hapo fundi asiisafishe plagi tu akafunga kifuniko. Na autafute ugonjwa.

Risasi huondolewa kwa ncha ya chuma, taratibu, bila kuigusa kauri kwa nguvu. Brashi ya waya wa chuma isitumike juu ya kauri, kwa kuwa huacha alama za madini, na umeme hupita katika alama hizo. Nafasi kati ya ncha hupimwa, nayo kwa plagi nyingi haifiki hata milimeta 0.6. Wakati wa kuzirudisha, ile ya chini hupelekwa juu na ya juu chini, tena katika silinda nyingine kwa utaratibu wa kitabu, ili zilike sawasawa. Pete ya shaba iwe mpya, na plagi ikazwe kwa spana ya kipimo, futi-ratili 30 hadi 35 kwa injini nyingi, si kwa nguvu za bega. Na plagi iliyoanguka sakafuni hutupwa, hata ikionekana nzima. Tumewaona vijana wakiiokota, kuifuta kwa nguo na kuirudisha huku wakitazama nyuma kama fundi mkubwa ameona. Ufa wa kauri hauonekani kwa macho, huonekana angani.

Sasa petroli. Tangi lililoachwa nusu tupu usiku hujaa hewa, na unyevu wa hewa ile hugeuka maji pawapo baridi. Maji ni mazito kuliko petroli, hulala chini, na chini ndipo injini inywapo. Kwa hiyo tangi hujazwa jioni ikiwezekana, na asubuhi, na kila baada ya kutia petroli, fundi huteremsha kidogo katika glasi na kuitazama mwangani. Maji huonekana chini ya buluu. Lakini na ajihadhari: glasi ikijaa maji matupu hapana mstari wa kuonyesha mpaka, na mwenye haraka atasema ni safi. Atazame rangi, anuse. Akishuku kwamba mafuta ya jeti yamechanganyika humo, adondoshe tone katika karatasi nyeupe: petroli hukauka ikaisha, mafuta ya jeti huacha duara la mafuta. Mafuta hayo yakiingia katika injini ya pistoni huweza kuivunja muda mfupi baada ya kuruka.

Tangi pia lahitaji kuvuta hewa. Bibi Beryl Markham, aliyekulia Njoro, mwezi wa Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake toka Uingereza kwenda magharibi, akaruka zaidi ya saa ishirini. Yaelezwa kwamba barafu iliziba njia ya hewa ya tangi, petroli ikakosa kushuka, naye akaanguka katika kinamasi cha Nova Scotia, akapona. Huku kwetu hapana barafu, lakini wako nyigu wajengao nyumba za udongo, nao hupenda kila tundu jembamba. Mtu wa kiwanja akimwona nyigu akizungukazunguka chini ya bawa, na amwambie rubani bila kuona haya.

Yabaki mapipa, nayo ni kazi yenu. Pipa lililosimamishwa mvuani hukusanya maji juu ya kifuniko chake. Mchana jua hulifanya lipumue nje. Usiku hupoa, likavuta maji ndani kupitia penye kizibo, ingawa kimekazwa. Tuliwahi kufika mahali ambapo mapipa yalisimama hivyo masika yote. Mama mmoja mwenye uchungu wa siku ya pili alingoja chini ya mwembe, nasi tulimwaga glasi baada ya glasi ya maji, hata jua likatua. Aliondoka alfajiri. Mtoto hakuishi.

Pipa lilazwe kivulini juu ya magogo, vizibo vyote viwili vikiwa usawa mmoja, kimoja kulia na kimoja kushoto, ili petroli ivifunike kwa ndani visikauke. Siku ya kutumika lisimamishwe mapema maji yapate kutulia. Pampu isifike chini kabisa, petroli ichujwe, na waya uunganishe pipa, pampu na eropleni, maana petroli ikipita huzaa umeme wake na cheche moja yatosha. Ndoo ya plastiki isikaribie.

Plagi nane tumezipanga juu ya meza ile, kila moja na namba yake. Mbili kati yake ni mbovu. Atakaye, na aje azitambue.