Moyo Wenye Tundu Ukubwani

Wasikilizaji, takriban mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya moyo. Huku kwetu wengine huufikia utu uzima bila kupimwa. Msichana wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, akitweta kwa kubeba dumu la maji, ataambiwa mvivu, au ana pumu; kumbe ukuta wa ndani wa moyo wake una tundu. Kituo cha afya cha karibu kinaweza kusikiliza kifua, lakini upasuaji wa kuliziba tundu uko mbali, katika Taasisi ya Moyo iliyopo Mulago, Kampala. Kinachoniuma ni kuchelewa: mishipa ya mapafu ikishakakamaa kwa shinikizo la damu ipitayo kwenye tundu, midomo ikawa bluu, tundu halizibiki tena. Madaktari, msikilizeni mgonjwa moyo kabla ya kumwandikia dawa ya pumu.