Dominika ya Tatu ya Majilio: Aliyejua Kushuka



Katika Injili ya leo makuhani na Walawi wanatumwa kutoka Yerusalemu hadi ng'ambo ya Yordani, wamwulize Yohane Mbatizaji swali moja tu: yeye ni nani? Swali lenyewe ni fupi, lakini ndani yake umefichika mtego. Watu walikuwa wakimiminika kwa Yohane kutoka kila upande. Lau angetamka neno moja la kujikweza, wangempandisha juu ya viongozi wote wa Israeli. Lakini Yohane anakana mara tatu. Yeye si Kristu, si Eliya, wala si yule nabii aliyengojewa. Yeye ni sauti tu, na hastahili hata kulegeza gidamu ya kiatu cha yule anayekuja nyuma yake.

Siku chache zilizopita taifa letu limeadhimisha tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru. Katika siku hizi tunapenda kumkumbuka mtumishi mmoja wa nchi hii, marehemu Mzee Rashidi Mfaume Kawawa, aliyefariki dunia tarehe 31 Desemba 2009. Yeye alikuwa Mwislamu, nasi tunazungumza katika kipindi cha Wakatoliki. Hilo lisimshangaze mtu. Palipo na wema, hapo Roho wa Mungu amepita.

Mzee Kawawa alizaliwa mwaka 1926 huko Songea, akasoma Tabora, akaigiza katika filamu, kisha akawa kiongozi wa wafanyakazi katika Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi wa Tanganyika. Tarehe 22 Januari 1962, majuma sita tu baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akaimarishe chama cha TANU. Kiti kikamwangukia Kawawa, kijana wa miaka thelathini na mitano. Serikali ya nchi changa ikawa mikononi mwake kwa muda wa karibu miezi kumi na mmoja.

Ndugu wasikilizaji, katika historia ya mataifa miezi kumi na mmoja ni muda wa kutosha mtu kuota mizizi. Lakini ilipofika tarehe 9 Desemba 1962 Tanganyika ikawa Jamhuri, Mwalimu akawa Rais, na Kawawa akawa Makamu wake. Aliyekuwa wa kwanza serikalini akarudi kuwa wa pili, na kazi ikaendelea.

Baada ya Muungano wa mwaka 1964 akawa Makamu wa Pili wa Rais, na mwaka 1972 akawa Waziri Mkuu kwa mara nyingine. Kisha ukaja mwezi Februari 1977. Uwaziri mkuu akapewa Edward Moringe Sokoine, mdogo wake kwa umri wa miaka kumi na miwili, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi katika serikali ambayo Kawawa mwenyewe alikuwa Waziri Mkuu wake. Na Mzee Kawawa akapewa nini? Akapewa Ulinzi, kiti kile kile alichokiacha Sokoine. Akaketi chini ya yule aliyekuwa chini yake. Majeshi ya Idi Amini yalipoivamia Kagera mwaka 1978, Waziri wa Ulinzi aliyekuwa kazini ni yeye. Watu wakamwita Simba wa Vita. Baadaye, tangu mwaka 1982 hadi 1990, akakitumikia chama chake akiwa Katibu Mkuu.

Kupanda ngazi hakuhitaji kufundishwa. Kushuka ndiko kunakotushinda. Tuliwahi kutumikia parokia moja ambako mwenyekiti wa kigango, baada ya kuongoza miaka mingi, alishindwa katika uchaguzi. Akaenda nyumbani na ufunguo wa kanisa pamoja na daftari la michango. Dominika tatu waumini wakasali chini ya mwembe. Tulipokwenda kumwonya, alitukaribisha kiti, akatutazama, akauliza kwa upole: "Baba Paroko, wewe ukiondolewa leo, utaondoka bila kinyongo?" Tulimjibu haraka kwamba sisi tuna kiapo cha utii. Alicheka kidogo, akatupatia ufunguo.

Haikupita miaka miwili, barua ya Askofu ikatufikia. Tulihamishiwa parokia nyingine kuwa msaidizi, na paroko wake alikuwa padre kijana ambaye sisi wenyewe tulimfundisha katekisimu. Tunaungama mbele yenu kwamba usiku ule hatukulala. Kiapo tulikuwa nacho, na kinyongo pia tulikuwa nacho. Ndipo tulipoelewa kwamba yule mzee hakuwa ametutukana; alikuwa ametutabiria. Na ndipo tulipoanza kumheshimu kwa dhati mtu aliyeshuka mbele ya macho ya taifa zima, kesho yake akaamka na kwenda kazini.

Hata hivyo, kumsifu mtu si kumfanya malaika. Katika mwaka ule ule wa 1962, Kawawa akiwa Waziri Mkuu, Bunge lilipitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila hukumu ya mahakama, na sheria iliyowabana wafanyakazi katika haki yao ya kugoma. Naye alikuwa ametoka miongoni mwa wafanyakazi hao. Katika uwaziri mkuu wake wa pili, watu wengi walihamishiwa katika vijiji kwa nguvu, na mahali pengine nyumba zao zilichomwa moto. Wapo wanaoyakumbuka hayo hadi leo, nao wana haki ya kuyakumbuka. Mtumishi aliye mwaminifu kwa mkubwa wake ana kishawishi chake: kuudhani utii kuwa ndio haki yote.

Hapo Yohane Mbatizaji anatufundisha tena. Yeye aliyekubali kupungua ili Kristu azidi, ndiye aliyemwambia Herode ukweli usoni, akatupwa gerezani. Unyenyekevu wake haukuwa ukimya. Hakuking'ang'ania cheo, kwa hiyo hakuwa na cha kupoteza aliposema kweli. Anayejua kushuka hatishwi na kushushwa.

Wapendwa, Majilio ni majira ya kuitengeneza njia ya Bwana, na pengine njia hiyo imezibwa na kiti tulichokikalia. Wewe mwenyekiti wa jumuiya, mkuu wa shule, kiongozi wa kwaya, mzee wa ukoo, jiulize: je, yuko mtu uliyemlea kuchukua nafasi yako? Siku atakapoichukua, utamwonyesha ufunguo uko wapi, au utakwenda nao nyumbani? Na sisi mapadre tujiulize, kila tunapofungua barua ya uhamisho: watu hawa ni wa Kristu, au tumewafanya kuwa wetu?

Ee Mungu, mchungaji wa mataifa yote, tunakushukuru kwa ajili ya mtumishi wako Rashidi na wote waliolitumikia taifa hili kwa jasho lao. Mema yao uyapokee, makosa yao uyasamehe, na waliowaumiza uwaponye majeraha yao. Utupe sisi moyo wa Yohane: kusema kweli tukiwa juu, kufanya kazi tukiwa chini, na kufurahi pale mwingine anapozidi.

Kwa njia ya Kristu Bwana wetu. Amina.