Tairi Linapolika Upande: Kutambua Chanzo Kabla ya Kununua Jipya



Katika vitabu vya chama chenye gari, matumizi ya matairi huandikwa kwa mstari mmoja: tarehe, idadi ya matairi, na fedha zilizolipwa. Mstari huo hauelezi kwa nini matairi ya zamani yalikwisha. Tairi lenyewe hueleza. Juu ya meno yake zimo habari za jinsi gari lilivyopakiwa, lilivyojazwa upepo, na jinsi magurudumu yake yalivyosimama barabarani. Shabaha ya mazungumzo haya ni kumwezesha katibu, mjumbe wa bodi na dereva kuzisoma habari hizo kabla fedha za wanachama hazijatoka tena.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika Milima ya Usambara. Kutoka Lushoto, mji ulio kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, gari hushuka karibu mita 1,000 katika safari ya kilomita 33 hivi, likipita Soni hadi kuifikia barabara kuu pale Mombo. Njia ni kona baada ya kona, upande mmoja mlima na upande wa pili bonde. Mzigo wa kabichi, viazi au karoti ukiteremka huyaelemea magurudumu ya mbele, na breki hazipati mapumziko. Tairi likipasuka kwenye kona ya namna hiyo, kinachopotea si mzigo peke yake.

Gharama nayo si ndogo. Zamani matairi yalitengenezwa Arusha katika kiwanda cha General Tyre. Tangu kiwanda hicho kiliposimamisha kazi mwishoni mwa miaka ya 2000, chama kinachonunua tairi jipya aghalabu hununua bidhaa iliyovuka bahari. Tairi ambalo lingedumu miaka miwili likikwisha kwa miezi minane, wakulima wamelipia ubovu ambao pengine ungerekebishwa na fundi kwa nusu siku.

ALAMA NA MAANA ZAKE

Tairi likilika kingo zote mbili huku katikati pakibaki pazima, upepo ulikuwa mdogo au mzigo ulizidi kiasi. Likilika katikati huku kingo zikibaki nzima, upepo ulizidi. Haya ndiyo makosa mepesi kuliko yote, na dawa yake ni kipimo cha upepo.

Tairi likilika ukingo mmoja tu, na mahali palipolika pakiwa laini, yamkini gurudumu limelala: sehemu yake ya juu imeinama kuelekea ndani au nje. Likiinama ndani huula ukingo wa ndani. Likiinama nje huula ukingo wa nje. Chanzo huwa springi zilizochoka, sehemu zilizolegea, au chuma kilichopinda baada ya kugonga jiwe au kuangukia shimoni.

Tairi likiwa na mabonde madogo madogo kuzunguka duara lake, zitazamwe shokapu, beringi za magurudumu, na ulinganifu wa uzito wa gurudumu. Likiwa na kipara mahali pamoja tu, gurudumu lilifungwa na breki likaburuzwa. Matairi mawili ya nyuma yaliyofungwa pamoja upande mmoja yakilika kwa kiasi tofauti, ipimwe hewa ya yote mawili, hasa lile la ndani ambalo dereva mvivu hulipita.

Alama iliyo ngumu kuonekana kwa macho hutambuliwa kwa mkono. Gari likiwa limesimama na injini imezimwa, tairi litazamwe kwanza lisiwe na msumari au waya uliojitokeza. Kisha kiganja kipitishwe juu ya meno ya tairi la mbele, kutoka upande wa ndani kwenda upande wa nje, halafu kurudi. Meno yakikwaruza mkono unapokwenda nje na kuwa laini unaporudi ndani, magurudumu ya mbele yameelekeana kupita kiasi, kama miguu ya mtu ambaye vidole vyake vinatazamana anapotembea. Yakikwaruza mkono unaporudi ndani, magurudumu yameachana kwa mbele. Hali zote mbili ni kasoro ya ulinganifu wa magurudumu, ule ambao mafundi huuita alaimenti.

Upotofu huo hauonekani kwa mtu anayelitazama gari kwa mbali, ilhali hasara yake yaweza kuhesabiwa. Gurudumu lililopotoka kwa digrii 1 tu hukokotwa kando mita 17 hivi katika kila kilomita 1. Kutoka Lushoto hadi Mombo, tairi hilo litakuwa limeburuzwa kwa ubavu zaidi ya nusu kilomita, likiwa na mzigo juu yake. Mpira unaobaki barabarani ni mali ya chama.

MLIMA NA UBOVU VISICHANGANYWE

Si kila tairi lililolika ukingo ni ushahidi wa ubovu. Katika njia yenye kona nyingi, matairi yote mawili ya mbele hulika kingo za nje taratibu na kwa mviringo, hata kama magurudumu yamenyooka. Dalili za kasoro ni tatu: tairi moja kulika kuliko mwenzake, meno kukwaruza mkono upande mmoja, au gari kuvuta upande mmoja katika barabara tambarare. Gari likivuta, upepo upimwe kwanza, kisha gurudumu liguswe baada ya safari fupi; likiwa na joto kuliko wenzake, huenda breki yake haiachii.

Upepo nao una hila yake milimani. Asubuhi ya baridi ya Lushoto tairi likiwa halijatembea, kipimo husema kweli. Gari likifika bondeni mchana, joto la mwendo, la breki na la jua huifanya hewa ndani ya tairi itanuke na kipimo kupanda. Dereva asiyejua huifungua hewa ili ishuke hadi kiasi cha kawaida. Usiku gari likirudi mlimani tairi hupoa, na kesho yake linaanza safari likiwa na upepo pungufu. Baada ya miezi michache kingo zote mbili zimekwisha. Kanuni ni kupima asubuhi kabla ya safari, kwa kiasi kilichoandikwa na watengenezaji wa gari, na kutoipunguza hewa ya tairi lenye joto.

KABLA YA KUNYOOSHA MAGURUDUMU

Kunyoosha magurudumu ya gari lenye sehemu zilizolegea ni kutupa fedha, kwani kipimo hupotea katika shimo la kwanza. Gurudumu la mbele liinuliwe kwa jeki, yale mengine yakiwa yamezuiwa kwa mawe au magogo, na mtu yeyote asiingie chini ya gari. Gurudumu lishikwe juu na chini likatikiswe: likicheza, beringi au maungio yake yamekwisha. Kisha lishikwe kushoto na kulia: likicheza, tairodi zimelegea. Sehemu hizo zibadilishwe kwanza.

Chama kilicho mbali na gereji yenye mashine kinaweza kufanya uchunguzi wa awali kwa chaki na utepe wa kupimia. Kila gurudumu la mbele likiwa juu ya jeki huzungushwa na kuchorwa mstari mwembamba katikati ya meno, kuzunguka tairi lote. Gari hushushwa mahali tambarare, usukani ukiwa umenyooka, likasukumwa mbele mita chache ili magurudumu yatulie. Watu wawili hupima umbali kati ya mistari miwili upande wa mbele wa matairi, halafu upande wa nyuma kwa kimo kile kile kutoka ardhini. Umbali wa mbele ukiwa mdogo, magurudumu yameelekeana. Ukiwa mkubwa, yameachana. Magari mengi hutaka tofauti ya milimita chache tu, au yasiwe na tofauti, na kiasi halisi kimo katika kitabu cha gari. Tofauti ikizidi kiasi hicho, gari lipelekwe kwa fundi. Chaki haitoshi kuwa matengenezo.

KAZI YA KATIBU

Katibu hahitaji kuwa fundi. Anahitaji kadi moja kwa kila tairi, yenye tarehe ya kufungwa, kilomita zilizosomwa siku hiyo, mahali lilipofungwa, na kila lilipohamishwa. Dereva anapoleta ombi la tairi jipya, tairi la zamani liletwe mbele ya bodi pamoja na kadi yake, na ombi litaje namna lilivyolika. Bodi iulize swali moja: chanzo kimeondolewa? Ikiwa bado, tairi jipya litalika kama lile la kwanza.

Matairi yasihamishwe kutoka mbele kwenda nyuma kabla ya kutazamwa na kuandikwa. Kuhama kwenyewe ni desturi njema, lakini kuyahamisha ili kasoro isionekane ni sawa na kuchana ukurasa wa daftari mkaguzi akiwa mlangoni. Yafaa pia ikumbukwe kwamba tairi lililokwisha kulika upande halirudi kuwa sawa baada ya magurudumu kunyooshwa. Litaendelea kuvuma, na fundi asilaumiwe kwa hilo.

Mwisho, uko mpaka ambao uchumi haupaswi kuuvuka. Matairi mengi ya magari madogo yana vidaraja vya mpira ndani ya mifereji yake, vyenye kimo cha milimita 1.6. Meno yakilingana na vidaraja hivyo, hata kama ni ukingo mmoja tu, maisha ya tairi hilo yamekwisha. Siku za masika, udongo mwekundu ukisambaa juu ya lami, tairi la namna hiyo haliwezi kuyasukuma maji pembeni wala kuishika barabara.

Dereva anayeteremka na mazao ya wanachama ana haki ya kupewa gari lililochunguzwa. Uchunguzi huo huanza asubuhi kwa kipimo cha upepo, kwa kiganja cha mkono, na kwa kadi iliyojazwa kwa ukweli.