Mfungwa Aliyefunguliwa Kabla ya Siku Zake



Mfungwa anapofunguliwa, wengi huutazama mlango aliotokea. Wachache huutazama mlango anaouendea. Hicho ndicho kiini cha mazungumzo haya juu ya parole, yaani kumfungua mfungwa kabla ya kutimia muda wake, akae uraiani kwa masharti na chini ya uangalizi, na akiyavunja masharti arudishwe gerezani.

Fikira hii si ya jana. Alexander Maconochie, aliyewasimamia wafungwa wa kisiwa cha Norfolk tangu mwaka 1840 hata 1844, aliwapa alama kwa kazi na mwenendo mwema, ili kila mmoja aukaribie uhuru kwa juhudi yake. Mwaka 1854 Walter Crofton alishika uongozi wa magereza ya Ireland, na huko wafungwa wakawa wakitolewa kwa hati yenye masharti. Mjini Dublin, James Organ aliwatembelea waliofunguliwa na kuwatafutia kazi.

Je, parole humzuia mtu kurudia makosa? Mwaka 2005 wataalamu wa Urban Institute ya Washington walitoa uchunguzi juu ya wafungwa waliofunguliwa mwaka 1994 katika majimbo kadhaa ya Marekani. Katika muda wa miaka 2, kati ya kila 100 waliotoka bila uangalizi wowote, 62 walikamatwa tena. Waliotolewa kwa amri ya sheria tu, wakawekwa chini ya uangalizi, walikuwa 61. Waliopimwa na kuchaguliwa na baraza la parole walikuwa 54. Hata hivyo, watu wa hali zinazofanana walipolinganishwa, nafuu ya hao waliochaguliwa ilipungua, ikawa 4 tu katika 100.

Basi yafaa kukiri kwamba uangalizi peke yake haumgeuzi mtu. Kuitwa ofisini na kuandikwa daftarini si sawa na kupata riziki ya halali. Lakini si kweli pia kwamba parole haina faida kabisa: uchunguzi huo uliona kuwa wanawake, na wale waliokuwa wamekamatwa mara chache hapo kabla, walinufaika zaidi na uangalizi.

Aliyedhulumiwa asisahauliwe, na haki yake ilindwe. Lakini mtu akirudi mtaani akanyimwa chumba, akanyimwa kibarua, akakimbiwa hata barazani, ni nani atakayemkaribisha ila wenzake wa zamani? Fundi mmoja akimpokea kujifunza kazi, na mzee mmoja akimwuliza hali kila Ijumaa, huenda wakafanya lile ambalo Organ alilifanya Dublin, nalo haliwezi kuandikwa katika masharti ya hati yoyote.